Ulifika mwaka gani?

Nimekihesabu kitongoji kimoja mara mbili kwa miguu yangu mwenyewe, na kati ya safari hizo mbili ilipita miaka kumi.

Mara ya kwanza ilikuwa Agosti 2012. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, mwalimu wa shule ya msingi niliyetoka Njombe na masweta mawili ambayo sijayavaa tena tangu nishuke kwenye basi huku. Walitafutwa makarani wa sensa, na sisi walimu ndio tuliokuwa karibu. Nikapewa mkoba wa madodoso ya karatasi na eneo langu la kuhesabia: kitongoji kimoja cha kijiji kilichoko bonde la Mpimbwe, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Jina la kijiji nitaliacha, maana watu nitakaowasimulia bado tunaonana kisimani.

Usiku wa sensa ulikuwa ule wa kuamkia tarehe 26 Agosti. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa Kipimbwe, ndiye aliyeniongoza, fimbo mkononi. Tulitembea sana. Kutoka mji mmoja hadi mwingine tuliweza kupita nusu saa kwenye pori la miombo bila kuona moshi, kisha ghafla unasikia kengele za ng'ombe. Kaya hazikufika 80. Siku ya tatu tulikuwa tumemaliza, na Mzee akaniambia, "Mwalimu, hii nchi yetu kubwa, watu ndio hawapo."

Mara ya pili ilikuwa Agosti 2022. Karatasi hazikuwapo tena, nilikuwa na kishikwambi na chaja ya sola begani. Yule Mzee alikuwa ameshatangulia mbele za haki, akaniongoza mwenyekiti mwingine, kijana aliyezaliwa Kahama. Eneo nililolimaliza peke yangu mara ya kwanza lilikuwa limegawanywa kwa makarani wawili, na mimi katika nusu yangu tu nilikesha. Pori la nusu saa limekuwa majaruba ya mpunga, nyumba za mabati, kibanda cha kuchajia simu, mashine ya kukoboa na kanisa. Kengele za ng'ombe bado zipo, ila sasa zinashindana na pikipiki.

Tarehe 31 Oktoba 2022 Rais Samia alipotangaza matokeo pale Dodoma, nilikuwa nasikiliza redio ya jirani. Tanzania nzima: watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kisha ikaja mikoa. Katavi, ambao mwaka 2012 ulikuwa na watu 564,604 na ndio uliokuwa na watu wachache kuliko mikoa yote ya Bara, sasa una 1,152,958. Kasi ya asilimia 7.1 kwa mwaka, ya kwanza nchini. Jirani yangu alipiga kofi la paja akasema, "Tumezaa!" Mimi nilikaa kimya, kwa sababu nilikumbuka ule usiku wa kishikwambi na majibu niliyokuwa nayapata kila nilipofika swali la mtu alizaliwa mkoa gani. Shinyanga. Tabora. Mwanza. Simiyu. Shinyanga. Geita. Tabora.

Tumezaa, ni kweli. Kitaifa watoto walio chini ya miaka 15 ni asilimia 42.8 ya watu wote, na huku kwetu ukipita asubuhi barabarani utaona wamejaa. Lakini mkoa hauongezeki mara mbili ndani ya miaka kumi kwa kuzaa peke yake. Watu wamekuja.

Kwetu Njombe mambo yako kinyume. Mwaka 2012 Njombe ilikuwa na watu 702,097 na Katavi iliachwa mbali nyuma. Mwaka 2022 Njombe ina 889,946, na Katavi imeshaipita. Ukitazama orodha za pato la wastani la mtu kwa mkoa, Njombe huwa inakaa juu: viazi, chai, mbao, na sasa parachichi. Nikirudi likizo naona nyumba nzuri za matofali ya kuchoma, na ndani yake bibi na wajukuu wawili. Vijana wako Makambako, Mbeya, Dar. Na kuna waliolala makaburini kwa UKIMWI, ule ugonjwa uliotutesa kuliko mkoa wowote. Siwezi kuandika habari ya watu wa Njombe nikauruka. Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema mkoa fulani una pato kubwa kwa kila kichwa, moyo wangu huuliza kwanza vichwa vimekwenda wapi. Na nikisikia Katavi iko chini, nauliza vichwa vimetoka wapi, na vilifika lini.

Hilo la "lini" ndilo lililonifanya niandike leo.

Wasukuma walianza kushuka huku na ng'ombe zao zamani, tangu miaka ya sabini na themanini. Waliondoka kwa sababu kule kwao malisho yaliisha, mashamba ya pamba yalichoka na kugawanywa mara nyingi mno kwa watoto wa kiume. Huku walikuta bonde lenye maji, udongo mweusi unaoshika maji ya mvua, na wenyeji wachache, Wapimbwe, waliokuwa wakilima kwa jembe la mkono na kurina asali. Mtu mmoja alitangulia kuona, akarudi kuchukua ndugu. Ndivyo ilivyokuwa na ndivyo inavyoendelea, ila sasa ndugu hahitaji kuswaga ng'ombe miezi miwili porini. Barabara ya lami kutoka Tabora hadi Mpanda imekamilika, na ya kutoka Sumbawanga pia ni lami. Mtu anapanda basi asubuhi Tabora, jioni yuko Mpanda.

Wako na wengine ambao hesabu za mkoa huu haziwezi kuwasahau: wale waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapelekwa Katumba na Mishamo, wakalima, wakazaa, na kuanzia mwaka 2014 wakaanza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Makazi hayo mawili pamoja na Ulyankulu ya Tabora yalitoa raia wapya zaidi ya 160,000. Hawa hawakufika jana. Wanaofika leo huwakuta wao ndio wenyeji.

Halafu Katavi yenyewe ikawa mkoa, ukamegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mkoa ukija huja na ofisi, ofisi huja na watumishi, watumishi hutaka nyumba za kupanga na mchele wa kula. Mpanda mjini, ambayo ilikuwa na watu 102,900 mwaka ule, imezidi mara mbili. Wazee wa Mpanda hukumbuka kwamba mji wao uliwahi kuchangamka kabla ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilijengwa reli kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, baadaye mgodi ukafungwa na reli ikabaki inabeba abiria na mahindi. Safari hii kinachovuta watu ni ardhi.

Sasa nije kwenye kipato.

Dodoso la sensa halikunituma niulize mtu anapata shilingi ngapi. Liliniambia niulize ameezeka kwa nini, choo chake ni cha aina gani, ana simu, ana redio, anafanya kazi gani. Nilipolinganisha kichwani na mwaka 2012 nilifurahi kweli. Nyasi zimepungua, mabati yameongezeka. Mwaka 2012 mwanga wa usiku ulikuwa kibatari, mwaka 2022 karibu kila mji ulikuwa na kipande cha sola. Pikipiki zilikuwa za kuhesabu, sasa mtu anazo mbili. Ukisimama juu kidogo, kwenye mwinuko wa barabara ya Majimoto, ukatazama bonde wakati wa mavuno, magunia yamepangwa pembeni mwa barabara na malori ya Mwanza na Dar yanasubiri, utasema hawa watu wametajirika. Na wapo waliotajirika. Mwaka 2022 kuelekea 2023 mchele ulipopanda bei nchi nzima, huku kuna wazee walionunua trekta.

Lakini nikiwa karani nilijifunza jambo dogo kuhusu neno kaya. Tulifundishwa kwamba kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mwaka 2012 nilifika kwenye mji mmoja mkubwa, uzio wa minyaa, mzee mwenyewe, wake wawili, watoto wao na vijana watatu ambao hawajaoa. Wote walikula pamoja. Nikaandika kaya moja. Mwaka 2022 nikaingia kwa lango lilelile. Mzee bado yupo, macho yamepungua nuru, akanitambua kwa sauti, akanisalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, Mwalimu." Nikamwamkia, akaniambia niketi. Nikauliza vyungu viko vingapi. Mke mkubwa akaanza kuhesabu kwa vidole: cha kwake, cha mke mdogo, cha mtoto wa kwanza aliyeoa, cha wa pili, cha wa tatu, na cha mtoto wa dada yake mzee aliyekuja kutoka Meatu na mkewe. Vyungu sita. Kaya sita ndani ya uzio mmoja.

Mzee alisikiliza hesabu ile hadi mwisho, kisha akasema kitu ambacho sijakisahau: "Shamba ni lilelile."

Mzee huyu alifika mwishoni mwa miaka ya themanini. Alipata ardhi kwa kwenda kuwasalimu wazee wa Kipimbwe na kumpelekea mwenyekiti jogoo. Alionyeshwa mto, akaambiwa kutoka hapa hadi pale utakapochoka. Leo watoto wake wana mashine ya kukoboa, pawatila mbili na fremu za duka Majimoto. Ukiwahesabu hawa wamepanda kweli, na wamepanda kwa jasho, sitaki mtu aniambie vinginevyo. Nimewaona saa kumi usiku wako majarubani.

Mtu wa pili ni jirani yangu mwenyewe, aliyefika mwaka 2008 kutoka Nzega. Wakati ule ardhi ya bure ilishakwisha, ila ya kununua ilikuwepo. Aliuza ng'ombe wanne akapata ekari sita. Ana nyumba ya mabati, watoto wawili sekondari, mke anauza mafuta ya kula na sabuni mlangoni. Akipata mwaka mbaya anatikisika, mwaka mzuri anasogea. Angefika miaka mitano baadaye na ng'ombe wale wale wanne, asingepata hata ekari tatu.

Na wa tatu nitamwita Mama Kulwa, siyo jina lake. Yeye na mumewe walifika mwaka 2019, na watoto watano, wawili wakiwa pacha niliowafundisha darasa la kwanza. Hawakukuta ya bure wala hawakuwa na ya kununulia. Walikodi ekari mbili. Kwa utaratibu wa hapa unaweza kulipa kodi kabla, kwa fedha, au ulipe gunia baada ya mavuno. Asiye na fedha analipa gunia, na kodi ya gunia ndiyo ghali.

Baada ya mavuno ya 2024 alikuja shuleni kunieleza kwa nini mmoja wa pacha hana daftari. Tukakaa chini ya mwembe wa shule, nikachukua kipande cha chaki na kuandika kwenye kibao kadiri alivyokuwa akinitajia. Ekari mbili zilitoa magunia 24 ya mpunga. Mavuno ya wastani hayo, hakulalamikia shamba. Sita yakaenda kwa mwenye shamba, gunia tatu kwa ekari. Mawili yakaenda kwa aliyemlimia kwa ng'ombe. Matano yakaenda kwa mfanyabiashara aliyemkopesha fedha ya chakula mwezi wa kwanza, akiba ilipokuwa imeisha na mpunga bado uko kijani. Yakabaki 11. Sita akaweka ya kula. Matano akauza, shilingi 70,000 kila gunia. Shilingi 350,000.

Nikamwambia tusiishie hapo, tuhesabu na chakula anachokula, maana hata wataalamu wa takwimu huhesabu hivyo. Magunia sita kwa bei ileile, 420,000. Jumla 770,000 kwa mwaka, sawa na shilingi kama 64,000 kwa mwezi, watu saba.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Aliye chini ya hapo anahesabiwa maskini. Nchi nzima walikuwa asilimia 26.4, vijijini 31.3. Mama Kulwa, hata nikiwahesabu wale watoto watano kila mmoja nusu ya mtu mzima, alikuwa na shilingi kama 14,000 kwa kila mmoja. Tukaongeza na vibarua vya palizi na kuvuna, siku kwa siku kama alivyozikumbuka. Hatukufika nusu ya mstari. Mume wake anachungia watu ng'ombe kwa malipo ya ndama mmoja kwa mwaka. Ndama sikumhesabu, kwa sababu mwaka wenyewe ulikuwa haujaisha na ndama alikuwa bado wa tajiri.

Mama Kulwa alikitazama kile kibao akasema polepole, "Mwalimu, sisi hatujazembea. Tumechelewa kufika."

Nimelifikiria neno hilo kwa muda mrefu. Nchi yetu iliingia kundi la uchumi wa kati mwaka 2020, na nilifurahi kama Mtanzania yeyote. Mchele unaotoka bonde hili umeongezeka, hilo halina ubishi. Lakini ukichukua jumla ya utajiri wa bonde, ukaigawa kwa vichwa vyote, unapata mtu ambaye mimi sijawahi kumkuta katika kaya yoyote niliyoiandika. Nimekutana na waliofika wakati ardhi ni ya jogoo, waliofika wakati ardhi ni ya ng'ombe, na waliofika wakati ardhi ni ya gunia tatu. Kama ningeruhusiwa kuongeza swali moja tu kwenye kishikwambi, ningeuliza: ulifika hapa mwaka gani? Jibu lake lingenieleza habari ya kipato kuliko bati na choo.

Kuna Wapimbwe pia, na kwao swali hilo halifanyi kazi kwa namna ileile. Wao walikuwepo. Wengi wao ndio waliogawa, kwa ukarimu na kwa kutokujua kwamba siku moja ardhi itakuwa na bei. Mjukuu wa yule mwenyekiti wangu wa mwaka 2012 leo anakodi shamba kwa mtoto wa mtu aliyepewa na babu yake. Hana kinyongo, amenieleza kwa utulivu kabisa, lakini mimi nilipofika nyumbani nililia.

Watu wa mbali wanaweza kusema mbona nafasi ipo. Mkoa una kilomita za mraba kama 45,800, kwa hiyo watu 25 tu kwa kila kilomita ya mraba, wakati wastani wa taifa ni kama 70. Ramani inadanganya hapo. Hifadhi ya Taifa peke yake ni kilomita za mraba 4,471, bado hujaweka mapori ya akiba na misitu, na hizo zote ni muhimu zibaki. Sehemu inayolimika mpunga ni ukanda wa mabonde, na ukanda huo umejaa. Na maji nayo yana mwisho. Mto Katuma unaopita hifadhini umekuwa ukikatika miezi ya kiangazi, kwa sababu huko juu maji yanazibwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga kabla hayajashuka. Aliyepita Sitalike au Ziwa Chada mwezi wa kumi amewaona viboko wamebanana kwenye dimbwi la matope, migongo imepasuka kwa jua, wanaumana. Mara ya kwanza niliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona hawahami?" Mwenzake akamjibu, "Wahamie wapi?" Watoto wenyewe wazazi wao ni wahamiaji.

Shuleni ndiko ninakoona ongezeko kila siku. Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza, wazazi walikuja na watoto ambao hatukujua kwamba wapo kijijini. Tuliwaketisha chini, tukagawa zamu mbili, asubuhi na mchana. Madarasa yameongezwa tangu wakati ule, na wazazi wamechanga mawe na mchanga mara kadhaa, lakini kila tukimaliza chumba kimoja wanaopaswa kukaa humo wameshazidi. Kwenye rejesta yangu kuna safu ya mwisho ya maelezo. Zamani niliandika humo "mgonjwa" au "mtoro". Sasa neno linalojirudia ni "amehamia", na miezi miwili baadaye, "amehama". Wanaohama tena ndio hasa watoto wa wanaokodi. Kodi ikipanda hapa familia inasogea Tanganyika, wilaya yetu ya magharibi, au inavuka kuelekea Kigoma. Mtoto anasoma darasa la pili katika shule tatu, na silabi ha-he-hi-ho-hu anazianza upya kila mara.

Siandiki haya ili watu wazuiwe kuja. Nimesikia kwenye mikutano ya kijiji watu wakisema wageni warudishwe, na mara nyingi anayesema hivyo kwa sauti kubwa ni yule aliyefika miaka kumi mapema. Mimi pia ni mgeni. Ninachokiomba kinawezekana kesho asubuhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na hati miliki za kimila zipo. Kwa nini basi mkataba wa kukodi shamba unafungwa kwa mdomo, chini ya mti, na mwenye shamba anaweza kumnyang'anya mtu majaruba aliyokwisha kuyasawazisha? Iandikwe. Ikae ofisi ya mtendaji, miaka mitatu angalau, kodi ijulikane mapema. Jina la mama liwepo, maana Mama Kulwa ndiye aliyepandikiza ekari zote mbili na karatasi, kama ingekuwepo, ingekuwa ya mumewe. Na ile fedha ya mwezi wa kwanza, ile inayokula gunia tano mwezi wa sita, ndiyo imekuwa kazi ya kwanza ya ushirika wetu wa akina mama. Tumeanza na wanachama 14. Mwaka huu tuliweza kuwakopesha wanne. Mama Kulwa ni mmoja wao, na alipovuna alirejesha fedha taslimu, na gunia zake akabaki nazo.

Wiki ya kwanza ya kuandikisha darasa la kwanza, Januari hii, nilikuwa nimeketi mlangoni mwa ofisi na daftari. Ikaja pikipiki imepakia magodoro mawili, sufuria na watoto watatu, na nyuma yake mama anatembea na mtoto mgongoni. Baba akashuka, akavua kofia. Wamelala Mpanda, akasema, wametokea Urambo. Nikamkaribisha, nikaanza kuandika majina ya watoto. Alisubiri kwa adabu nimalize la tatu, ndipo akainama kidogo akaniuliza, kabla hata ya kuuliza sare au michango:

"Samahani Mwalimu. Huku shamba la kukodi sasa hivi ni gunia ngapi?"

Nikamtajia. Akamgeukia mkewe wakatazamana. Nikavuta mstari pembeni ya majina ya watoto wake, kwenye ile safu ya mwisho, nikaandika mwaka.